Kifuko Tumboni mwa Gitaa

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani wa aina ile ambayo ukimpelekea kitambaa anakupima kwa macho kabla hajashika futi, halafu anakwambia bila kupepesa kiuno chako kimefika wapi na kimepitia njia gani. Watu walinuna, wakahamia kwa mafundi wengine, na baada ya muda wakarudi na kitambaa kingine mkononi kama hakijatokea kitu. Jina la Bi Pindo walimpa wao wenyewe. Kwanza, hakuna gauni lililotoka mikononi mwake likafumuka pindo. Pili, mtu akileta maneno marefu, yeye aliyakunja na kuyapiga mshono hapo hapo.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kupigia pasi katikati, suruali za watu zikining'inia ukutani kusubiri zipu. Kona moja tu haikuwa yake. Pale palikuwa na kiti kilichochoka, spika ndogo, na gitaa la umeme la mumewe, Mzee Mashine.

Mzee Mashine aliitwa hivyo kwa kuwa alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake mpaka kustaafu. Alitoka huko na kiinua mgongo kisichoweza kuinua hata kofia, pamoja na masikio ambayo mashine ilikuwa imeyasaga taratibu bila kumuomba ruhusa. Hakuna aliyeruhusiwa kulisema hilo. Ukimwita chakula kiko mezani, hasikii. Ukimwambia mlango unagongwa, hasikii. Lakini nong'ona jikoni kwamba mzee hasikii, atakuuliza kutoka uani ni nani huyo asiyesikia.

Miezi ya kwanza ya kustaafu ilikuwa mibaya. Aliketi karibu na cherehani kutwa nzima akimfundisha mkewe kushona. Alimwambia mkasi unashikwaje. Bi Pindo alimpenda mumewe, na hilo alilisema mbele ya watu bila haya, lakini mapenzi hayo yalikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mkasi wake. Kwa hiyo dada yake Mzee Mashine, mwimbaji mwenye kikundi chake cha kupiga muziki kwenye sherehe, alipomwita kaka yake akapige gitaa, Bi Pindo ndiye aliyempigia pasi shati la kwanza. Tangu hapo mzee alirudi kuwa mtu. Siku ya mazoezi aliamka akitafuta viatu kabla ya kutafuta mswaki.

Siku moja dada huyo, wifi yake Bi Pindo, aliingia mle karakanani na uso wa msiba. Mzee Mashine alikuwa uani anaoga.

"Wifi, nimekuja na jambo zito," akasema, "na sitaki kaka alisikie."

"Hilo lisikutie wasiwasi," Bi Pindo akajibu. "Kaa useme."

"Jumamosi tunapiga kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu. Wenzangu wamekata shauri. Kaka akinifunika sauti tena, basi ndiyo mwisho wake. Kuna kijana wa kinanda, ameshaanza kuja mazoezini."

"Amekwishaambiwa?"

"Kuhusu kijana, bado. Kuhusu kupunguza, nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu. Anacheka. Anasema muziki si maombi ya kimya kimya. Akianza wimbo anaanza kwa adabu, halafu ukinoga kidole chake kinatambaa, kinaongeza, kinaongeza. Fundi mitambo akipunguza kule, yeye anaongeza huku. Mwishoni watu wananiona nafungua na kufumba mdomo tu. Wifi, nimechoka kuimba bila kusikika. Hata wewe, hebu niambie, umewahi kusikia maneno ya ule wimbo wangu wa kufungia?"

Bi Pindo alifikiri. Wimbo ule alikuwa ameuhudhuria mara nyingi. Maneno yake hakuyajua hata moja.

"Sasa mimi unataka nifanye nini?"

"Wewe ndiye mke wake. Mtafutie njia."

Wifi alipoondoka, Bi Pindo alibaki ameshika suruali ya mtu bila kuishona. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Akilini alimwona mumewe akirudishwa kwenye kile kiti kilichochoka, amekunja mikono, anauangalia mkasi.

Ikatokea kwamba wiki ile ile gitaa lenyewe likaanza kuumwa. Lilikuwa la aina ile ambayo si gogo tupu wala si kasha tupu. Katikati lina mti mzima, na mbavuni kuna uwazi, na kila upande wa kifua umekatwa mwanya mrefu uliopinda. Juu lilikuwa na kidude cha kuzungusha kwa ajili ya kuongeza sauti, kingine cha kuupa mlio unono au wembamba, na swichi ya kuchagua. Kile cha sauti kila kikiguswa kilikwaruza kama mtu anayekanyaga kokoto. Mzee Mashine alikataa katakata kulipeleka kwa fundi. Alisema yeye aliyefungua mashine ya kusaga na kuifunga atashindwaje na vidude vitatu na waya. Akanunua vidude vipya, akaazima chuma cha kulehemia, akafungua simu kutafuta video ya kumfundisha.

Video hiyo aliisikiliza kwa sauti ya juu kabisa. Mtaa mzima ulipata elimu. Mama wa nyumba ya pili alimuuliza Bi Pindo kama waya mweusi na wenyewe unapita mle mle. Bi Pindo alikanyaga cherehani yake kwa utulivu huku somo likimwingia bila kulitafuta, na mwalimu wa kwenye video kila alipomaliza sentensi, mzee aliirudia kwa mkewe kana kwamba ameitunga yeye.

"Unaona hapa, mke wangu? Mlio unatoka kwenye sumaku hizi chini ya nyuzi, unaingia mguu huu wa kidude, unatokea mguu wa kati. Ukikata hapa, kidude kinabaki pambo. Utazungusha mpaka kesho, hakuna kitu."

"Kumbe," akasema Bi Pindo, na mguu wake ukasimama kidogo kwenye cherehani.

"Umeme ni akili," akasema mzee.

Kuna sentensi moja ya mwalimu ambayo mzee hakuirudia. Ilisema kwamba gitaa la namna hii halina mlango mgongoni, kwa hiyo kabla ya kuchomoa chochote, funga uzi kwenye shingo ya kila kidude, ili uje ukivute kirudi kwenye tundu lake. Mzee wakati huo alikuwa anatafuta miwani. Alilegeza nyuzi za gitaa, akafungua nati, akavisukuma vidude tumboni na kuvitoa vyote kupitia ule mwanya uliopinda, vikatoka na waya zake kama utumbo wa kuku. Alifurahi sana kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kulehemu pia alilehemu vizuri, tena vizuri sana, kwa mkono wa mtu aliyezoea vyuma. Shida ilianza wakati wa kurudisha. Alikiingiza kidude kwenye mwanya, kikapotelea kizani. Akajaribu kukisukuma kwa kijiko cha uji. Akajaribu kwa waya wa kutundikia nguo. Swichi ikachungulia kwenye tundu la kidude cha sauti, ikarudi ndani. Akaligeuza gitaa kichwa chini, akalitikisa, akaliambia maneno ambayo hajawahi kumwambia hata mkwe wake.

Alipokuwa amelowa jasho mpaka mgongoni, Bi Pindo akainuka.

"Mzee wangu, wewe nenda kanyoe. Jumamosi hiyo imefika, huwezi kwenda kwa mwalimu mkuu na ndevu hizo. Hili niachie mimi."

"Wewe? Hii ni elektroniki."

"Mimi kila siku napitisha mpira kwenye kiuno cha suruali, ndani sioni, na mpira unatokea upande wa pili. Tundu ni tundu. Nenda."

Akaenda. Kinyozi wake alikuwa mtu wa domo, na Bi Pindo alijua fika kwamba mumewe hatarudi mpaka siasa ya mtaa mzima imalizwe, kwa sauti ya kupigiana kelele, kichwa kimoja kimenyolewa nusu.

Alifunga mlango. Akavitoa vidude vyote tena kupitia mwanya, akavilaza juu ya kifua cha gitaa. Akavitazama jinsi anavyotazama gauni la bibi harusi kabla ya kulikata, kwa sababu akikosea hapa hakuna kitambaa kingine. Angeweza kuvirudisha kama mumewe alivyoviunga, akawa mke mwema, na Jumamosi kijana wa kinanda akachukua kiti. Akawasha chuma cha kulehemia. Mtu aliyeshika pasi ya mkaa tangu usichana haogopi chuma cha moto.

Alifanya vile vile alivyofundishwa na mumewe. Kile kidude kipya cha sauti alikikata kwenye njia, kikabaki pambo. Mahali pake akaunga kile cha zamani, kile cha kukwaruza, maana kilikwaruza kikiguswa tu, na mahali alipokusudia kukiweka hakuna mtu angekigusa. Akakaza uzi mmoja wa gitaa, akachomeka kwenye spika ndogo, akapiga. Huku akipiga akaimba mwenyewe wimbo wa kubembelezea watoto, na Bi Pindo kuimba hakujaaliwa. Akakipunguza kidude kidogo kidogo mpaka akasikia sauti yake mwenyewe vizuri, pamoja na makosa yake yote, na gitaa nalo likasikika kando bila kugombana naye. Hapo akakizuia kwa gundi kisizunguke.

Kitu kinachoning'inia ndani ya tumbo tupu kitagonga, na kikigonga kitasema. Kwa hiyo alichukua kipande cha suruali kuukuu ya Mzee Mashine, akashona kifuko, akakiingiza kile kidude cha zamani ndani na kukifunga mdomo. Pindo la kifuko alilipiga mara mbili. Hakuna ambaye angeliona, lakini mkono wake haukujua kushona vinginevyo.

Kazi ya kurudisha ilibaki ya kawaida yake. Alidondosha uzi kwenye kila tundu, mwekundu wa sauti, mweupe wa mlio, wa bluu wa swichi, akaukamata kila mmoja kwenye mwanya kwa sindano ya kufumia. Akaufunga kwenye shingo ya kidude chake. Akavuta pole pole, kidude kikapanda toka gizani kikachomoza tunduni kama mtoto anayetoa kichwa kwenye fulana.

Mzee Mashine aliporudi amenyolewa, alikuta gitaa limefungwa, limefutwa, limeegemea kiti. Alilizunguka. Akamtazama mkewe. Akachomeka kwenye spika, akafungulia spika mpaka mwisho kama kawaida yake, akapiga na kuzungusha kidude cha sauti kwenda kulia. Kukizungusha kushoto ili kupunguza, alikuwa akifanya tu kwenye sherehe, kati ya wimbo na wimbo, nyuzi zikiwa zimenyamaza. Nyumbani hakufanya kamwe, kwa hiyo hakugundua kwamba kidude hakibadilishi kitu.

"Unasikia?" akasema. "Hakikwaruzi hata chembe."

"Hakikwaruzi kabisa," Bi Pindo akakubali, na hapo hakusema uongo.

"Kazi ya mikono yangu hiyo. Wewe umevuta uzi tu, lakini nakushukuru."

Bi Pindo akainama juu ya cherehani, akajifanya anatafuta sindano. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Jumamosi mchana ukumbi wa shule ulijaa. Kulikuwa na walimu, wazazi, wanafunzi wa zamani wenye vitambi, na mwalimu mkuu mwenyewe mbele na shada la maua magotini. Bi Pindo alikaa safu ya pembeni, mahali alipoweza kuona kidole cha mumewe. Karibu na jukwaa alisimama kijana wa kinanda katika shati jipya, ameletwa aangalie.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri. Kidole kilitambaa kwenye kidude, kikaongeza, na hakuna kilichoongezeka. Mwimbaji alisikika. Fundi mitambo alikaza macho kwenye mitambo yake, akaigonga kidogo, akaishukuru. Bi Pindo alikuwa karibu kucheka peke yake kama kichaa.

Kisha akauona uso wa mumewe.

Mzee Mashine alikuwa amezungusha kidude mpaka mwisho. Akakizungusha tena, kikagoma. Akaangalia spika, akaangalia mkono wake, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili. Wenzake walikuwa wanapiga, ngoma na besi zote zinakwenda, na yeye gitaa lake halimfikii. Bi Pindo alitegemea atakasirika, atamfokea fundi mitambo, atagonga waya. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama tu, rangi imempotea, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaikimbia.

Ulipofika wimbo wa kufungia, mzee alitoka mahali pake. Kwa kuwa hakuweza kufuata kwa sikio, alikwenda akasimama bega kwa bega na dada yake, akautazama mdomo wake. Alipiga kidogo kidogo, anangoja, anajibu. Alipiga kama hajawahi kupiga. Na ukumbi mzima, pamoja na Bi Pindo, kwa mara ya kwanza ukasikia maneno ya wimbo ule.

Ulikuwa unamhusu kaka. Kaka aliyeacha shule akaingia kwenye vumbi la mashine ya kusaga ili dada yake mdogo aendelee kusoma. Watu waliacha kunong'ona. Mwalimu mkuu alitoa leso. Kijana wa kinanda alipiga makofi kuliko wote, kisha akaondoka bila kuaga.

Bi Pindo alimkuta mumewe kwenye stoo ya nyuma, kati ya viti vilivyopangwa mpaka darini. Alikuwa ameketi, gitaa mapajani, hajalirudisha kwenye mfuko wake.

"Umepiga vizuri leo," akamwambia karibu na sikio.

"Usinipake mafuta. Nimefungulia mpaka mwisho, sauti haikupanda hata kidogo." Akavuta pumzi. "Si gitaa. Gitaa nimelitengeneza mwenyewe, kila waya naujua. Ni mimi. Masikio yangu yamekwisha, mke wangu."

Miaka yote Bi Pindo alikuwa ameingoja sentensi hiyo. Alikuwa ameshaandaa hata jibu lake, lenye ncha kali. Sasa imekuja, na alitamani airudishe ilikotoka. Angenyamaza, angekuwa ameshinda kila kitu: kiti cha mumewe kwenye kikundi, amani nyumbani, hata safari ya kwa daktari. Lakini kosa hilo halikuwa la masikio yake peke yake.

"Kile kidude hakijaungwa," akasema.

"Nini?"

"Nasema kidude hakijaungwa."

"Nani amefungwa?"

Nje ya mlango watu wa kikundi walikuwa wanapita na vyombo. Asingeweza kupiga kelele. Akakishika kidole cha mumewe, akakipitisha kwenye mwanya uliopinda, akakielekeza ndani, chini kidogo, mpaka kikagusa kitambaa.

Mzee Mashine alipapasa. Alipapasa kifuko, akapapasa umbo lililokuwa ndani, akafuata mshono kwa ncha ya kidole, mara ya kwanza na ya pili. Hakuna mtu mwingine mjini aliyepiga pindo mara mbili mahali pasipoonekana.

"Hii ni suruali yangu," akasema.

Bi Pindo akaitikia kwa kichwa. Alingoja anachostahili.

"Kwa hiyo masikio yangu ni yale yale ya jana."

"Yale yale. Mabovu, lakini yale yale." Akasogea, akamweleza yote sikioni, polepole: wifi, kijana wa kinanda, chuma cha kulehemia, kinyozi. Mzee alisikiliza kidole kikiwa bado tumboni mwa gitaa. Uso wake ulipita kwenye hasira, ukakaa hapo kidogo, ukaendelea.

"Umeniharibia gitaa langu."

"Nimekuharibia. Nisamehe. Nikifika nyumbani nalirudisha kama lilivyokuwa."

Mzee alikuwa anaangalia mlango, kule ilikokuwa ikisikika sauti ya dada yake akiagana na watu.

"Mimi nilijua ule wimbo ni wa mapenzi," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nauharakisha. Miaka yote hii anaimba pembeni yangu, na mimi naongeza sauti." Akakipapasa tena kifuko. "Leo nimeusoma mdomoni mwake, sehemu nyingine nikazisikia. Ila ubeti wa mwisho aligeukia kwa mwalimu mkuu, sikuuona. Unasemaje?"

Bi Pindo aliweka mdomo kwenye sikio lake, lile lililo afadhali, akamwambia, bila kuimba.

"Unasema: sauti hii ninayoimbia ni yako, kaka, uliinunua kwa masikio yako."

Mzee Mashine akakitoa kidole kwenye mwanya, taratibu, asije akakata uzi wowote wa mkewe.

"Jumatatu nipeleke kwa daktari wa masikio," akasema. "Na kifuko kiache hapo hapo mpaka turudi."